Kutoka Kantini hadi Meka: Jinsi Maduka ya Mitaa ya Lubumbashi Yalivyofungwa

Wanahistoria wameandika mengi juu ya migodi, tanuru na reli ya Katanga. Juu ya duka wameandika machache. Hata hivyo, familia nyingi za Lubumbashi hazikuijua shaba kwa kuichimba, bali kwa kile ilichowaletea mezani: gunia la unga, chupa ya mafuta, sabuni, samaki mkavu. Kampuni iliposhiba, duka lilishiba. Kampuni ilipougua, dalili za ugonjwa zilionekana kwanza kwenye rafu za duka la mtaa, kabla hazijaonekana katika taarifa za wakurugenzi.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi maduka hayo, na hasa kantini za kambi za wafanyakazi, yalivyofungwa. Swali ni jepesi kulitamka: yalifungwa lini, na ni nani aliyeyafunga? Jibu linalosikika kila mahali lina neno moja na tarakimu nne: uporaji, 1991. Jibu hilo si la uongo. Kasoro yake ni kwamba limechukua mwisho wa hadithi na kuufanya mwanzo, na kwa njia hiyo limewaachilia huru wengine waliostahili kutajwa kabla ya askari na vijana waliovunja milango.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo kazi tuliyofundishwa.

Neno «posho», ambalo Lubumbashi hutamka «poso», ni la zamani kuliko mji wenyewe. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara iliyotoka pwani walipewa posho, yaani chakula cha siku, au kitambaa cha kukinunulia chakula hicho njiani. Kiswahili kilifika Katanga kabla ya reli, kwa biashara iliyounganisha pwani, Unyamwezi na Bunkeya, makao ya Msiri aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Basi kampuni ilipoanza kuwalisha watu wake, haikuhitaji kubuni istilahi. Mpagazi alikuwa amekwisha kuiacha njiani. Huko Uganda neno hilohilo limekuja kuwa jina la chakula chenyewe, ugali wa mahindi. Kwetu chakula hicho ni bukari, na poso imebaki kuwa haki ya kugawiwa: siku, foleni, jina lililoandikwa.

«Duka» na «magazini» nayo yana mambo yake. Duka ni neno la Kiarabu lililozunguka Bahari ya Hindi pamoja na wafanya biashara wake. Magazini tumelipokea kutoka Kifaransa, lakini Kifaransa nacho kililipata kwa Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa neno «hazina». Kwa hiyo magazini na hazina ni ndugu waliopotezana njiani, mmoja akapitia Ulaya na mwingine akaja moja kwa moja. Kantini ni neno la kijeshi na la kiwanda: mahali ambapo mwajiri huwauzia au huwagawia watu wake mwenyewe. Tofauti hiyo haikuwa ya kamusi tu. Kwenye magazini mtu aliingia na pesa, kwenye kantini aliingia na namba yake ya kazi.

Kuna pia jambo ambalo huwashangaza wageni wa pwani. Katika Kiswahili cha Lubumbashi «kuuza» ni kununua, na anayetoa bidhaa «anauzisha». Mtu wa Dar es Salaam akisikia kwamba mtoto ametumwa kuuza mkate, atamfuata ili aununue. Wengine huliita jambo hilo kosa. Mwanaisimu hawezi kukubali neno hilo, kwa kuwa mfumo uko wazi: kitenzi cha msingi ni cha mteja, na mwenye duka anapata kitenzi cha kusababisha, yeye akiwa mtu anayewafanya wengine wanunue. Hatutaki kujenga nadharia ya uchumi juu ya kiambishi kimoja. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mji huu, tangu ulipozaliwa, ulikuwa mji wa wanunuzi: watu waliotolewa mashambani na kuwekwa mahali ambapo chakula chote kililetwa kwa gari la moshi.

Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza. Katika miaka ile ya mwanzo wafanyakazi waliajiriwa kwa mikataba ya miezi michache, wakafika wamechoka, wakaugua, wakafa au wakaondoka. Unga wao ulitoka kusini kwa njia ileile ya reli. Mnamo mwaka 1928 kampuni ilibadili siasa yake. Badala ya kutafuta watu wapya kila mara, ilianza kuwakalisha kwa mikataba ya miaka mitatu, pamoja na wake na watoto wao. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia mambo ya wafanyakazi Waafrika, ndiye anayekumbukwa zaidi kuwa mwalimu wa siasa hiyo. Kwake yeye chakula kilikuwa hesabu: mfanyakazi apate kiasi gani, mke kiasi gani, mtoto kiasi gani. Kwa hiyo kambi ilikuwa na zahanati, shule, na mahali pa kugawia poso, na vyote vitatu vilitumia daftari moja. Asiyekuwa na jina katika daftari la kambi hakuwa na haki ya unga.

Wasomaji wetu vijana huambiwa na wazazi kwamba zamani hiyo ilikuwa njema. Tusiikatae kumbukumbu hiyo, lakini tuieleze. Kugawa chakula kulikuwa na faida mbili kwa kampuni. Kwanza, kwa kununua kwa jumla ilimlisha mfanyakazi kwa gharama ndogo kuliko pesa ambazo angehitaji kujilisha mwenyewe katika maduka ya mjini. Pili, mtu anayekula kutoka mkono wa mwajiri hufikiri mara mbili kabla ya kugoma. Mara mbili, si mara mia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia bei za vitu zilipanda na mishahara haikuzifuata. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika waligoma, na tarehe 9 ya mwezi huo askari waliwapiga risasi katika kiwanja cha mpira. Makumi ya watu waliuawa, akiwamo Léonard Mpoyi aliyekuwa akiwasemea wenzake. Mgomo huo umeandikwa sana katika historia ya siasa. Tunapenda kuurudisha pia katika historia ya duka, kwa sababu msingi wake ulikuwa tofauti kati ya mshahara na bei.

Nje ya kambi palikuwa na ulimwengu mwingine wa biashara. Katikati ya mji wa wazungu palikuwa na magazini makubwa yenye vioo. Pembeni, katika mtaa wa Waafrika ulioitwa Albert na ambao leo ni Kamalondo, palikuwa na maduka madogo ya Wagiriki, Wareno, Waitalia, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, ambao sinagogi lao lingali limesimama mjini. Wagiriki ndio walioshika biashara ya samaki wa Luapula, waliopakiwa Kasenga na kufikishwa Elisabethville kwa malori. Mwafrika alikuwa mteja katika maduka hayo, au karani, au mbeba mizigo. Kuwa mwenye duka kulikuwa vigumu, kwa kuwa benki za kikoloni hazikuwa na desturi ya kumkopesha. Jambo hili tutalihitaji hapo mbele.

Uhuru ulikuja, kujitenga kwa Katanga kukaja na kuisha mwaka 1963, mji ukaitwa Lubumbashi mwaka 1966, na mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ikaichukua Union Minière. Tangu mwaka 1971 kampuni mpya ikajulikana kwa jina la Gécamines. Ilirithi migodi, na ilirithi pia hospitali, shule na kantini. Kwa mke wa mfanyakazi aliyekwenda kuchukua unga, jina lililokuwa juu ya mlango lilibadilika, lakini mizani haikubadilika.

Pigo la kwanza halikuangukia kantini. Liliangukia maduka ya mitaani. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua zilizokuja kuitwa uzairishaji: maduka, mashamba na biashara za wageni zikabidhiwe wananchi. Mgiriki, Mreno na Muitaliano walitoka, na wapokeaji wapya, walioitwa kwa Kifaransa acquéreurs, wakapewa funguo. Kilichofuata kinajulikana: rafu zilitupu katika muda mfupi. Maelezo ya kawaida ni kwamba wapokeaji walikula mtaji. Baadhi yao walifanya hivyo, hasa wale waliopata duka kwa ajili ya cheo chao katika chama na si kwa ujuzi wa biashara. Ila maelezo hayo hayatoshi, na yanamsingizia Mwafrika udhaifu wa asili ambao hana. Duka si kuta na rafu. Duka ni mlolongo wa imani: mwenye ghala humpa mwenye duka bidhaa leo ili alipe baada ya miezi miwili au mitatu, na mwenye duka humpa mteja sukari leo ili alipe mwisho wa mwezi. Mpokeaji alikabidhiwa kuta. Imani ya wauzaji wa jumla, waliokuwa Antwerp, Johannesburg au Athens, haikuandikwa katika hati ya makabidhiano. Na benki ambayo haikuwahi kumkopesha baba yake haikuwa na sababu ya kumwamini yeye ghafula. Aliuza bidhaa alizozikuta, akapata pesa, akakosa mahali pa kununulia nyingine.

Wakati nao ulikuwa mbaya. Bei ya shaba ilianguka tangu katikati ya mwaka 1974, na mwaka 1975 vita vya Angola vilifunga reli ya Benguela, njia fupi ya Katanga kwenda baharini. Nchi ikaishiwa na pesa za kigeni. Mwaka 1976 serikali iliwaita wenye mali wa zamani warudi kuchukua biashara zao. Wengine walirudi, wengi hawakurudi. Mtu aliyefukuzwa dukani kwake mara moja akirudi hufungua nusu ya mlango: anaweka bidhaa za wiki moja, na faida anaipeleka mbali. Kwa hiyo tunathubutu kusema kwamba duka la mtaa la Lubumbashi, lile la kukopa kwa daftari na kufahamiana kwa majina, lilijeruhiwa vibaya miaka kumi na minane kabla ya uporaji.

Kantini ilidumu zaidi, na hapa lazima tukae kidogo, kwa kuwa sababu yake haitajwi mara nyingi. Mnamo Septemba 1983 thamani ya zaire ilishushwa kwa zaidi ya robo tatu kwa siku moja. Fedha hiyo ilikuwa imezaliwa mwaka 1967 ikiwa na thamani ya dola mbili za Marekani. Tangu hapo kila mshahara ulianza kuyeyuka kabla ya mwenyewe kufika nyumbani. Mwalimu wa shule alipokea karatasi. Mfanyakazi wa Gécamines alipokea karatasi na unga. Kilo ya unga haishuki thamani. Inashibisha sawasawa mwanzo wa mwaka na mwisho wake. Poso, ambayo katika miaka ya 1930 ilikuwa kamba ya kumfunga mfanyakazi, sasa ilikuwa sehemu pekee ya mshahara wake ambayo serikali haikuweza kuishusha. Ndiyo maana watu walewale waliofahamu vizuri kwamba kantini ni chombo cha mwajiri waliipenda, na waliiita kampuni baba na mama. Mwanahistoria asiyeliona hilo atawadhania kuwa walikuwa wajinga.

Lakini kantini ilitegemea shaba. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa kwa mwaka zaidi ya tani 450,000. Mitambo haikufanyiwa matengenezo, mapato yalichukuliwa Kinshasa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1994 kampuni ilitoa tani zipatazo 30,000 tu. Kampuni iliyopoteza zaidi ya asilimia tisini ya uzalishaji haiwezi kulisha kambi. Vilivyotoka nje ya nchi na kulipiwa kwa pesa za kigeni vilitangulia kukosekana, unga ukafuata.

Katikati ya maporomoko hayo ndipo ulipotokea uporaji. Ulianzia Kinshasa tarehe 23 Septemba 1991, kwa askari wasiolipwa ambao raia wengi waliwafuata. Mwezi Oktoba ukafika Lubumbashi. Magazini yalivunjwa, maghala yakaachwa wazi, wafanya biashara wengi wageni wakaondoka kwa mara ya pili katika maisha yao, na safari hii hawakuitwa kurudi. Mwishoni mwa mwaka 1992 ikatolewa noti ya zaire milioni 5, ambayo wauzaji wengi waliikataa. Askari waliolipwa kwa noti hiyo walipora Kinshasa tena Januari 1993. Mnamo Oktoba 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja. Mwenye duka angeandika bei gani juu ya bidhaa? Akiuza asubuhi, jioni pesa zake hazikutosha kurudisha bidhaa ileile kwenye rafu. Kufunga mlango kulikuwa hesabu sahihi.

Tuongeze jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1992 na 1993, Likasi na Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na majumbani, wakarundikana kwenye vituo vya reli, na wengi wakafa wakisubiri gari au wakiwa safarini. Miongoni mwao walikuwamo mafundi, makarani, walimu, wauguzi na wachuuzi. Miji ilipoteza wauzaji na wateja kwa pamoja. Kuiandika historia ya biashara ya Katanga bila kuwataja ni kuifunga milango hiyo mara ya pili.

Ni nini kilichokuja mahali pa kantini? Meza ndogo mbele ya kila nyumba. Siasa ya kampuni ilikuwa imemtaka mke wa mfanyakazi awe mama wa nyumbani. Sasa alikuwa mlishaji. Aliuzisha unga, mafuta, makaa, vindakala, lengalenga. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, ameonyesha jinsi mamlaka ya baba yalivyoyumba nyumbani baada ya kampuni kumwacha. Jina la kitabu hicho linazungumza juu ya wana wa shaba walioachwa na baba yao. Sisi tungependa kuongeza jambo dogo la vipimo.

Kantini ilipima kwa mizani. Meza ya mtaani hupima kwa meka, chombo cha kupimia unga na nafaka ambacho kila mkazi wa Lubumbashi anakijua. Kilo ina ukweli wake nje ya muuzaji na mnunuzi. Meka ina ukweli wa makubaliano: imejazwa hadi mdomoni au imepandishwa kilima? Imetikiswa? Kitako chake kimegongwa kwa ndani? Kantini ilipandisha bei kwa tangazo, na tangazo linaweza kugomewa. Meza ya mtaani inaweza kuiacha bei mahali pake na kupunguza kilima. Vitu vingine vilishuka chini ya meka: mafuta ya kijiko kimoja ndani ya mfuko wa plastiki, sukari ya chai moja, sigara moja. Mnunuzi maskini analipa zaidi kwa kila kilo kuliko tajiri anayebeba gunia zima. Hilo ni kinyume kabisa cha hesabu za Mottoulle, ambaye alinunua kwa jumla ili alishe kwa bei nafuu. Wala hatumlaumu mama wa mezani. Naye amenunua gunia kwa mkopo wa riba kali, ule ambao kwa mzaha mchungu huitwa «Banque Lambert».

Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 wa Gécamines, waliokuwa wakidai mishahara ya miezi mingi, waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari na kugharamiwa na Benki ya Dunia. Kwa wengi wao huo ndio uliokuwa mwisho rasmi wa poso, ingawa tumboni ulikuwa umekwisha kufika siku nyingi. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilileta kampuni mpya, na katikati ya mji yakafunguliwa tena magazini makubwa yenye vioo, bidhaa nyingi zikiwa zimepita Kasumbalesa kutoka Zambia na Afrika Kusini. Yanamfaa mwenye dola. Kampuni mpya hulipa kwa pesa na hazijengi kambi za namna ile; hazitaki kuwa baba wa mtu yeyote.

Unga wenyewe bado unaufuata mpaka. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Zambia ilipozuia mahindi yake kutoka, bei ya unga Lubumbashi ilipanda sana, na meka ikapungua kilima hata kwa jicho lisilozoea. Serikali ilileta mahindi yaliyolimwa na vijana wa Service national huko Kaniama Kasese, yakauzwa kwa bei iliyopangwa. Watu walitoka mitaani na mifuko mitupu, wakasimama mmoja nyuma ya mwingine mbele ya lango, wakingoja kupimiwa kwa kilo.